Anayetaka kupanga elimu kimataifa aanze na rejesta ya darasa la kwanza

Ndugu Mhariri,

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, kurasa za ushauri wa kazi hujaa orodha za kazi za kimataifa, na siku hizi mpangaji wa elimu na mshauri wa sera hakosekani humo. Kijana anaambiwa asome shahada ya uzamili Ulaya, ajifunze Kifaransa, aombe nafasi UNESCO, UNICEF au Benki ya Dunia. Hatupingi. Tunacholalamikia ni kwamba kazi yenyewe haielezwi: mtu huyu akifika mezani asubuhi anashika nini, hukosea wapi, na akikosea ni mtoto gani anayekaa sakafuni. Tunaomba nafasi tuieleze kwa tarakimu, maana nchi inaelekea Januari 2028, madarasa mawili yatakapoingia kidato cha kwanza kwa pamoja, na tarakimu hizo zitagusa kila kata.

Kiini cha kazi ni kumhesabu mtoto kabla hajafika. Mtoto atakayedai dawati la kidato cha kwanza yuko darasa la kwanza miaka saba kabla, jina lake limeandikwa na mwalimu anamfahamu. Chukua mfano uliokwisha kutokea. Waraka wa elimu bila ada ulitoka mwishoni mwa 2015, na Januari 2016 madarasa ya kwanza yalifurika nchi nzima. Tangu siku hiyo yeyote mwenye kalamu angeweza kuandika kwamba hawa watafanya mtihani wa darasa la saba 2022 na wataingia kidato cha kwanza Januari 2023. Ndivyo ilivyokuwa. Waliosajiliwa kwa mtihani wa 2022 walikuwa takriban milioni 1.38, kutoka takriban milioni 1.13 mwaka uliotangulia. Serikali ikatoa Sh bilioni 160 za kujenga vyumba 8,000 vya madarasa, Sh milioni 20 kila kimoja, na ujenzi ukaenda mbio katika miezi ya mwisho ya 2022. Fedha hizo zilistahili kutolewa na walioisimamia kazi ile wanastahili pongezi. Lakini namba ilikuwa imelala kwenye rejesta miaka saba. Ingegawanywa katika bajeti tano ingekuwa vyumba 1,600 kwa mwaka, na halmashauri zisingegombania mafundi na saruji ndani ya wiki zilezile.

Hesabu huanzia kwenye sensa. Hapo ndipo kosa la kwanza huzaliwa. Sensa ya 2012 iliikuta Tanzania na watu milioni 44.9, na kasi ya ongezeko kati ya 2002 na 2012 ilikuwa asilimia 2.7 kwa mwaka. Mpangaji aliyeichukua kasi hiyo na kuivuta mbele miaka kumi alipata watu milioni 58.6. Sensa ya 2022 ikahesabu milioni 61.7, kasi ikiwa imepanda hadi asilimia 3.2. Pengo ni watu milioni 3.1, na katika nchi changa kama yetu sehemu kubwa ya pengo hilo ni watoto. Ndiyo maana maoteo mazuri hayatoi namba moja. Hutoa tatu, ya chini, ya kati na ya juu, kisha husema ni kitu gani kikionekana tuhamie ya juu. Kosa jingine ni la umri: wazazi wengi hutaja umri wa mtoto kwa kukisia, na miaka fulani hurundikana watu kuliko jirani zake. Mpangaji hulainisha marundo hayo kwanza, kwa vizidishi vya Sprague au njia nyingine ya aina hiyo, ndipo atoe idadi ya watoto wa miaka 6.

Baada ya hapo huja mtiririko wa wanafunzi kutoka darasa hadi darasa. Tuseme shule za kata fulani zilikuwa na watoto 1,000 darasa la tatu mwaka jana. Mwaka huu darasa la nne lina watoto 930, kati yao 50 wanarudia, na darasa la tatu lina 60 wanaorudia. Waliopanda ni 930 toa 50, yaani 880, asilimia 88. Waliorudia darasa la tatu ni asilimia 6. Waliobaki, asilimia 6, ndio mdondoko, yaani walioacha shule. Hesabu ya mtoto wa sekondari, lakini hii ndiyo injini ya programu zote za kimataifa za kuotea elimu, hata zile zenye michoro ya rangi. Inapoharibika ni pale mwalimu mkuu anapoandika sifuri kwenye safu ya wanaorudia kwa kuhofia kuulizwa. Wanaorudia darasa la nne baada ya upimaji wa kitaifa wakifichwa, mashine huwahesabu kama waliopanda. Kiwango cha kupanda kutoka la tatu kinaweza kuvuka asilimia 100, na mdondoko unatoka ukiwa hasi. Kijana asiyejua shule atasema programu imekosea. Anayejua atampigia simu ofisa elimu kata na kuuliza ni watoto wangapi waliorudishwa.

Mijini uhamisho huleta sura hiyohiyo kwa sababu tofauti kabisa: pembezoni mwa Dar es Salaam shule inaweza kupokea mamia ya watoto kwa mwaka bila mtu kudondoka wala kurudia.

Walimu hawahesabiwi kwa kugawa wanafunzi kwa 45, ingawa ndivyo hotuba nyingi hufanya. Kanuni ni hii: idadi ya mikondo zidisha vipindi vya mkondo kwa wiki, gawa kwa vipindi anavyofundisha mwalimu mmoja kwa wiki. Kisha rudia hesabu somo kwa somo. Shule inaweza kuwa na ikama iliyotimia kwenye karatasi huku walimu wa historia wakifundisha vipindi 12 na wa hisabati 36. Jumla ni sahihi, na hisabati haifundishwi.

Sasa tuje 2028. Kwa mabadiliko ya sera na mitaala yaliyoanza kutekelezwa 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita na elimu ya lazima miaka kumi. Walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya 2024 watamaliza darasa la sita 2027, mwaka uleule ambao wenzao wa mtaala wa zamani wanamaliza la saba. Januari 2028 madarasa mawili yatagonga mlango mmoja. Tuchukue wilaya ya mfano, namba za mviringo zisizo za wilaya yoyote: darasa la saba watoto 6,000, la sita 6,500, na kwa kawaida wilaya hiyo hupokea kidato cha kwanza wanafunzi 5,000. Kwa mkondo wa wanafunzi 40, wilaya imezoea mikondo 125. Mwaka huo, wote 12,500 wakivuka, itadaiwa mikondo 313. Kwa vipindi 40 vya mkondo kwa wiki na mwalimu wa vipindi 25, imezoea walimu 200 wa kidato cha kwanza, itadaiwa 501. Kwa hisabati pekee, vipindi vitano kwa kila mkondo, walimu 63.

Mshauri wa haraka atatoa 125 kwenye 313, aone vyumba 188 vimepungua, azidishe kwa Sh milioni 20 na kuandika andiko la Sh bilioni 3.76 kwa wilaya moja. Hesabu yake ni sahihi na ushauri wake ni mbovu. Wimbi hili ni la mara moja. Mwaka 2029 wanaoingia ni wa darasa moja tu, tuseme 6,700, mikondo 168, kwa kuwa elimu ya lazima sasa inafika kidato cha nne na wote wanavuka. Kwa hiyo hitaji la kudumu la kila kidato ni 168, na vyumba vya kujenga kabla ya Januari 2028 ni 43. Mikondo 145 iliyobaki inahitaji kuhifadhiwa miaka minne, 2028 hadi 2031, kisha inatoweka.

Ihifadhiwe wapi? Shule ya msingi ikipoteza darasa la saba zima, vyumba vinabaki. Watoto 6,000 kwa 45 ni vyumba 134. Karibu vinatosha, na hapo ndipo mtu hufunga faili kwa furaha. Asiifunge. Kama madarasa yale yalikuwa ya watoto 90, vinavyobaki ni 67, na walimu wakuu watavitumia kupunguza msongamano wao wenyewe, kwa haki kabisa. Vyumba vilivyobaki vikiwa tarafa moja na watoto tarafa nyingine, havisaidii. Madawati ya darasa la pili hayamfai kijana wa miaka 14. Matundu ya vyoo, kwa kigezo chetu cha tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25, yanatakiwa yahesabiwe upya, maana wasichana wa umri huo wanahitaji na chumba cha kujistiri. Na mwalimu wa shule ya msingi aliyebaki bila darasa hawezi kupewa kemia kwa barua ya uhamisho. Mpangaji anayestahili jina hilo huzunguka na orodha ya shule, ramani ya kompyuta iliyochorwa kwa programu ya QGIS au mfano wake, na futi ya kupimia, akaandika chumba kwa chumba.

Kenya wametangulia kupita njia hii. Mwanzoni mwa 2023 waliomaliza darasa la nane walikwenda kidato cha kwanza wakati wenzao wa gredi ya sita wakiingia gredi ya saba ya sekondari ya chini. Mpango wa awali ulikuwa kuwaweka gredi ya saba katika sekondari. Kikosi kazi cha Rais kilichoundwa 2022 kikapendekeza wabaki shule za msingi, na ndivyo ilivyoamuliwa Desemba, wiki chache kabla shule hazijafunguliwa. Nafasi za kukaa zilipatikana. Walimu wa masomo ya sekondari na maabara ndivyo vilivyosumbua, kama hesabu ya somo kwa somo ingekuwa imeshasema. Hilo ni somo la bure kwetu, na mshauri wa sera analipwa kwa kazi ya namna hiyo: kujua jirani alipojikwaa na kwa nini.

Kuhusu fedha, kijana ajifunze jambo moja mapema: kiwango kilichoandikwa kwa shilingi huoza. Ruzuku ya uendeshaji ya Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi iliwekwa na MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikilingana na dola 10 hivi. Elimu bila ada ilipoanza 2016 kiwango kilikuwa kilekile, Sh 6,000 zikienda shuleni na Sh 4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu, na thamani yake ilikuwa chini ya dola 5. Hakuna aliyeipunguza. Bei zilipanda, nayo ikasimama palepale. Mpango mzuri huandika kanuni ya kupandisha kiwango kila mwaka, wala hauishii kwenye kiwango. Vilevile ajue kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, mwongozo wa bajeti hutoka miezi mingi kabla, halmashauri huingiza mipango yao kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, Bunge hukaa Aprili hadi Juni. Ushauri mzuri unaoletwa Mei ni ushauri wa mwaka ujao.

Huko kwenye meza kubwa mambo hayabadiliki sana. Taasisi ya kimataifa ya UNESCO ya mipango ya elimu ilianzishwa Paris 1963, miaka miwili baada ya mkutano wa Addis Ababa ambao nchi za Afrika zilijiwekea lengo la kila mtoto kupata elimu ya msingi ifikapo 1980. Tangu hapo malengo yamefuatana katika mikutano ya dunia, Jomtien 1990, Dakar 2000, Incheon 2015. Incheon ndiko zilikotoka asilimia 4 hadi 6 za pato la taifa na asilimia 15 hadi 20 za matumizi ya serikali ambazo kila mshauri hunukuu. Namba hizo ni dira tu. Nchi yenye watoto wengi na pato dogo inaweza kutimiza asilimia 20 na bado ikampa mtoto mmoja sehemu ndogo sana ya anachopewa mtoto wa Ulaya. Mshauri anayenukuu asilimia bila kuweka gharama kwa mwanafunzi pembeni yake hajamaliza kazi.

Wala si kweli kwamba mtaalamu anakuja kuamua. Mwaka 1974 huko Musoma chama kiliamua elimu ya msingi kwa wote ifike 1977 badala ya 1989. Huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa, na wenye haki ya kuufanya waliufanya. Kazi ya wapangaji ikawa kutafuta makumi ya maelfu ya walimu, na wengi wao walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa kazini huku wakifundisha. Watoto waliingia kwa wingi; ubora ukalipa gharama kwa muda mrefu. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kusema 1969 kwamba kupanga ni kuchagua. Mshauri huweka mbele ya waziri njia tatu kwenye kurasa mbili, kila moja na gharama yake, watakaonufaika, watakaoumia, na kitu cha kwanza kitakachokwama. Akileta njia moja tu ameshaamua kwa niaba ya wananchi bila kuchaguliwa. Na wafadhili wakileta mpango wa fedha kwa matokeo, ni yeye anayepaswa kuuliza kila kigezo kinaweza kuchezewa vipi. Ukilipia uwiano wa walimu wa wilaya nzima, uwiano utapendeza huku shule za pembezoni zikiwa na walimu watatu.

Njia ya kuingia kazini basi si ya siri. Shahada ya kwanza ya ualimu ni msingi mzuri ikiwa na hisabati, uchumi au takwimu ndani yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe, Chuo cha Mipango Dodoma, Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika na ADEM Bagamoyo, chuo cha uongozi wa elimu, kila kimoja kina kipande cha kazi hii. Kenya, Kenyatta University ina idara ya fani hii. Kisha miaka mitatu hadi mitano halmashauri au wizarani, kwenye dawati la takwimu, mahali ambapo fomu zinafika zikiwa na makosa na inabidi uyasake. Shahada ya uzamili ifuate baada ya hapo, mtu akiwa na maswali yake mwenyewe. Nafasi za ofisa wa kitaifa katika mashirika ya Umoja wa Mataifa huja kabla ya zile za kimataifa. Kwa madaraja ya kimataifa, P-2 kwa kawaida hudai uzoefu wa miaka 2, P-3 takriban 5, P-4 miaka 7 au 8. Mpango wa vijana wa Umoja wa Mataifa una kikomo cha miaka 32 na hufunguliwa kwa nchi zenye uwakilishi mdogo tu, hivyo asiuwekee maisha yake yote.

Wengi huishia washauri waelekezi wa mikataba mifupi, na hapo tunawaomba wasome hadidu za rejea kama mwanasheria. Malipo hugawanywa: sehemu kwa ripoti ya kuanzia, sehemu kwa rasimu, salio ripoti ya mwisho ikikubaliwa. Mkataba usiosema nani atatoa takwimu, na lini, humfanya mtu asubiri wiki sita kwa gharama yake. Hakuna pensheni humo, wala bima, labda ajiwekee mwenyewe.

Kifaransa ni kweli kinalipa. Kikiungana na Kiswahili ni utajiri. Congo ilifanya elimu ya msingi ya umma kuwa bure 2019, madarasa yakafurika kama yetu ya 2016, na walimu wengi walikuwa wakifundisha bila kuwamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Goma, Bukavu na Lubumbashi mwalimu mkuu hukueleza hali halisi kwa Kiswahili, kisha hukuandikia ripoti kwa Kifaransa, na mara nyingi mambo haya mawili hayalingani. Anayesikia yote mawili anafaa kuliko aliyetoka mbali na tarjumani.

Tunamalizia na ombi. Mwaka wa fedha utakaobeba Januari 2028 ni 2027/28, na mwongozo wake wa bajeti kwa kawaida hutangulia miezi minane hivi, yaani mwishoni mwa 2026. Anayesoma shahada ya miaka mitatu ili afundishe kidato cha kwanza mwezi huo alipaswa kuwa chuoni kufikia 2024, kwa hiyo orodha ya walimu wa hisabati na sayansi wanaoweza kupatikana inajulikana, na ianze kugawanywa. Kila halmashauri ibandike kwenye ubao wa kata namba nne: watoto wa darasa la sita watakaomaliza 2027, wa darasa la saba, vyumba vya sekondari vilivyopo, na vyumba vya msingi vitakavyobaki wazi vikihesabiwa kwa msongamano wa sasa. Nawe, Mhariri, tunakuomba uwatume waandishi wako wa wilayani wakazisome namba hizo na kuzichapisha, wilaya kwa wilaya, kabla bajeti haijafungwa.

Ni sisi, watumishi wa mipango na takwimu za elimu,
Dodoma